Gari Iliyokataa Kwenda Beni

Butembo, jioni ya kuamkia safari yako

Masika wangu,

Mama yako amekwisha kukuambia yote ya maji ya kuchemsha, ya chandarua, ya kutofungulia mlango mtu usiyemjua, na kesho atayarudia tena mguu wako mmoja ukiwa tayari ndani ya gari. Mimi huko siingii. Chumba chako cha Beu, kule Beni, nimekiona mwenyewe: kina dirisha, kina kufuli, na mwenye nyumba anasali kuliko padri. Wanafunzi wako watacheka siku ya kwanza wakiona mwalimu wa mekanika amevaa hereni, siku ya pili watanyamaza. Hayo utayamudu. Mimi nakuandikia habari ya gari.

Nimekaa mezani kwangu, mbele ya mashine ya kushona, na sina nguo ninayoshona. Kando ya mkasi kuna vitu viwili vidogo vya rangi ya kahawia, vyote viwili vinaenea katika kiganja kimoja. Kimoja unakifahamu sana, na wakati huu hakikupaswa kuwa hapa mezani. Kingine umekitafuta Butembo nzima, kumbe uliwahi kukichezea ukiwa na miaka mitano. Usikimbilie mwisho wa barua, najua tabia yako. Soma taratibu, tutafika pamoja.

Umekua ukiijua ile gari yetu ya 404 kama watoto wengine wanavyojua kaburi la ukoo. Na kweli kwetu ilikuwa kaburi. Kaka yangu Paluku, baba yako mkubwa, aliondoka kwenda Beni wakati wa vita, kabla hujazaliwa. Hakurudi, na mwili wake hatukuupata. Basi mama yangu, Mukaka wako, hakuwa na mahali pa kuweka maua. Akayaweka juu ya kapo, boneti ya gari, chini ya mabati nyuma ya nyumba. Kila sikukuu ya marehemu aliosha vioo, akawasha mshumaa mbele ya taa, akaita padri. Kuna padri mmoja mgeni aliyezunguka gari mara mbili, akatazama magurudumu, akasema, "Mama, mais hii iko gari." Mukaka akamjibu, "Najua, Padiri. Weye bariki tu." Akabariki.

Na hadithi uliyolishwa pamoja na uji ni moja tu: siku ile gari ilikataa kuwaka kwa sababu ilijua kwamba njia ina kifo. Paluku hakuisikiliza, akapanda lori la watu, akapotea. Gari ikaingia katika kilio, haikuwaka tena. Mukaka alisema kwa kila mgeni, "Ile gari iko na akili kushinda batu." Mimi nilikuwa nakaa pale pale, na uzi mdomoni, nikitikisa kichwa kama shahidi.

Mambo mengine ya ile gari wewe na mimi hatukuwahi kuyasema kwa sauti. Kuku, kwa mfano. Kuku wa kwetu hutaga popote, hata ndani ya kikapu changu cha nguo za kupiga pasi, lakini ndani ya gari ile, yenye kioo kilichovunjika na viti laini, hakuna kuku aliyeingia miaka yote hiyo. Halafu viti vyenyewe. Kiti cha dereva kilikuwa na vumbi ambalo juu yake ungeweza kuandika jina lako. Kiti cha pembeni kilikuwa safi. Nilidhani ni Mukaka anakipangusa. Mukaka alipofariki nikadhani ni mama yako, na mwaka jana nikamuuliza. Akaniangalia kama mtu mwenye homa. "Miye? Mule siingiake hata munipige."

Halafu mlango wa upande huo huo. Unaufunga jioni, asubuhi uko wazi, tena si kidogo, wazi kabisa, kama kuna mtu anangojwa. Wewe mwenyewe uliifungua serire yake, kile kitasa, ukaipaka mafuta, ukasema, "Papa, serire iko nzima, haina kitu." Kesho yake mlango ulikuwa wazi. Ndipo mama yako alipoleta waya, akaufunga kwa kuzungusha mara saba, akanyunyiza maji ya baraka. Ulicheka. Ukaniona mimi sicheki, nawe ukaacha.

Sasa nije kwenye la kwangu. Ulipomaliza masomo ukaniomba ruhusa ya kuifufua gari. "Papa, chuma hailiake matanga," ukasema. "Chuma inaoza tu." Nilikataa. Ukarudi tena, nikakataa. Kazi ya Beni ilipopatikana ukasema utaenda kuianza na gari ya baba yako mkubwa, na safari hiyo nikakubali upesi sana hata mama yako akashangaa. Ulinikumbatia ukanipaka grisi shingoni. Masika, nilikubali kwa sababu nilijua haitawaka.

Kwa nini nilijua, wewe ungeweza kuwafundisha wanafunzi wako ubaoni. Ndani ya delko, chini ya kifuniko chenye nyaya, kuna kitu kidogo kinachozunguka na kugawa moto kwa kila buji, yaani plagi. Ninyi mafundi mnakiita kidole. Bila kidole injini itazunguka siku nzima na haitashika. Wakati wa vita kila dereva wa huku aliijua hila hiyo: ukisimamisha gari mahali penye watu wa silaha, unachomoa kidole, unakitia mfukoni, unakwenda kulala. Wakitaka kuiondoa gari watasukuma hadi wachoke. Paluku aliniachia mimi, mdogo wake, kazi hiyo. Kila alipofika na mzigo wa viazi na poireaux, vile vitunguu vya majani, kutoka Kipese, yeye alikwenda kunawa, mimi nilifungua kapo na kuchomoa. Asubuhi nilirudisha. Asubuhi moja sikurudisha.

Nilikuwa nacho mimi. Kwanza nilikificha katika kopo langu la vifungo, kati ya vifungo vya makoti, na wewe ukiwa na miaka mitano ulikitoa ukaniuliza, "Papa, hii kifungo iko ya nani?" Nikasema ni ya koti la mtu mkubwa sana. Ulitaka kumwona huyo mtu. Siku hiyo hiyo nilipasua bitana ya koti langu la Jumapili, nikakishonea ndani, chini kabisa karibu na pindo, kwa uzi uliorudiwa mara mbili. Tangu siku hiyo nimekwenda kukomunika nacho. Kila nilipopiga magoti kiligonga benchi, na jirani yangu kanisani alidhani nina rozari nzito.

Kwa hiyo nilikaa kwenye kibaraza miezi ile yote nikakutazama ukifanya kazi, nikiwa na jibu lako kwenye koti. Ulimwaga mazout, ile dizeli, na mafuta kwenye matundu ya mabuji, ukaacha siku tano, ukaja na manivela, ule mpini wa kuzungushia injini, ukaning'inia juu yake hadi injini ikalegea kwa sauti ya mtu anayeshusha pumzi. Ulitia kokoto ndani ya tanki ukalitikisa hadi kutu ikatoka nyekundu kama chai. Ulitoa kiota cha panya kwenye filta. Ulisugua karbirata kwa mswaki, tena mswaki wangu, nilijua. Nilijivuna, Masika. Nilikuwa nakuibia na kujivuna kwa wakati mmoja, sijui kama unaelewa.

Siku ulipofunga betri mpya, honi ikalia yenyewe. Mara mbili, fupi. Ulisema nyaya zimegusana. Mimi niliingia ndani nikaendelea kukata suti ya komunyo ya mtoto wa jirani, na jioni nikakuta nimekata mikono miwili ya upande mmoja. Miaka thelathini nashona, sijawahi kukosea hivyo. Honi fupi mara mbili ndivyo Paluku alivyoniita kutoka kwenye lango.

Ukafika kwenye delko, ukakuta hakuna kidole. Ulizunguka kwa mafundi wote wazee, ukaagiza Kasindi, mpakani, wakakuletea cha gari nyingine, hakikuenea. Ulirudi umechoka, ukakaa kwenye tofali, ukaniuliza, "Papa, nani alitoaka ile kidole?" Nikasema sijui, labda ni askari. Nikasema vizuri kabisa, bila kumeza mate. Uongo wa miaka mingi hautoki jasho tena.

Sasa siku yenyewe.

Risasi zilikuwa zimesikika upande wa Beni. Mama yetu alikuwa kule, amekwenda kumuuguza dada yake. Paluku akasema tutakwenda kumchukua. Mimi na yeye, kama siku zote: yeye anashika usukani, mimi nakaa pembeni naangalia pori, maana anayeendesha hawezi kuangalia barabara na majani kwa pamoja. Nilikuwa na macho mazuri. Nilikuwa na woga pia, lakini huo sikuwa nimemwambia mtu.

Asubuhi nilivaa. Kidole kilikuwa mfukoni, nilikisikia kila hatua. Kukirudisha ni kazi ya muda wa kufunga kamba za viatu. Sikukirudisha. Nilijiambia namwokoa kaka yangu, na baadaye nilijiambia hivyo mara nyingi hata nikaamini. Lakini wewe ni fundi, unasikia injini inapodanganya. Sikuwa namwokoa Paluku. Nilikuwa naogopa kufa.

Alipiga honi mara mbili, akanyoosha mkono, akanifungulia mlango wa pembeni kwa ndani. "Panda, mudogo wangu. Tunaenda."

Akawasha. Ikazunguka, haikushika. Tena. Majirani wakatoka kuangalia. Akashuka, akafungua kapo, akafungua kifuniko cha delko, akachungulia ndani. Aliyenifundisha kuchomoa angekosaje kujua? Akaniangalia. Hakuwa na hasira. Aliangalia magoti yangu, na suruali yangu ilikuwa inatetemeka mbele ya watu. Kisha akarudi kwenye kiti chake, akainama, mkono ukaingia chini ya kiti, ukakaa huko kidogo, ukatoka mtupu. Nilidhani anatafuta ufunguo wa kufungulia kitu. Mkono ule ukitoka mtupu nimeuona kila siku ya maisha yangu, na sikuuelewa hadi juzi.

Akafunga kapo. Akasema kwa sauti, majirani wote wasikie, tena akicheka, "Haa! Leo gari inakataa. Haitaki kwenda Beni."

Ndiye aliyeisema kwanza, Masika. Hadithi ile si ya Mukaka wala si yangu.

Akanishika bega. "Bakiya, angalia nyumba. Hapana kuogopa. Nitakuya na mama." Lori la wafanyabiashara lilikuwa linapita, akadandia nyuma, juu ya magunia. Mlango wa pembeni aliuacha wazi. Niliufunga mimi, kwa mikono yangu, nikasukuma hadi ukalia. Kesho yake asubuhi ulikuwa wazi.

Mama yetu alifika siku ya tatu, kwa miguu, amepita milimani na watu wengine, miguu imevimba. Hakukutana na lori lolote. Akauliza, "Paluku iko wapi?" Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Majirani wakanitangulia, wakamweleza jinsi gari ilivyokataa. Akaenda akaweka kiganja juu ya kapo, akaegemeza paji la uso, na nikaona anapata mahali pa kushika. Nikajiambia nitasema kesho. Halafu baada ya matanga. Halafu akikaa sawa. Ukichelewa kusema kitu kama hicho, watu wanakiwekea maua, na baada ya hapo ukisema unakuwa unavunja kaburi. Siku ya mwisho wake nilikaa kando ya kitanda nimevaa koti lile. Akaniambia, "Leka gari ipumuzike." Nikasema ndiyo, mama. Alikwenda hajui.

Juzi, basi. Nilikuwa napima mteja kiuno nikasikia sauti yako. "Papa! Kuya mbio! Nimepata kidole!" Nikakimbia na futi shingoni. Ulikuwa umepiga magoti kando ya mlango wa dereva, machozi na grisi usoni. "Ilikuwa chini ya kiti, Papa! Mais kile kiti nilishakitoaka mara tatu, hakukukuwa kitu! Ni Papa mukubwa amenipatia!" Mama yako akafanya ishara ya msalaba. Majirani wakapiga vigelegele, wengine waliokuwepo hata siku ile. Nami nikashika pindo la koti langu, ambalo miezi hiyo sikulivua hata kazini, nikapapasa.

Changu kilikuwepo.

Sijui kama umewahi kusikia ubaridi ukianzia kwenye meno. Nilisimama pale nikiwa na kidole cha gari ile mkononi, kupitia kitambaa, na wewe ukiwa na kidole cha gari ile mkononi mwako. Ukanionyesha na kipande cha nguo kilichokuwa kimekifunga. Kitambaa cha mistari ya kijani, kimepindwa ukingoni, na kwenye kona uzi umerudi mara mbili. Mshono huo ni wangu. Ni kipande kilichobaki nilipomshonea Paluku shati la Noeli, aliniomba nimpe cha kufutia mikono. Uliniona nikienda chooni nikakaa huko. Ulidhani ni furaha.

Alikuwa na cha akiba. Dereva wa siku zile angekosaje cha akiba? Mimi mtunza kidole sikuwahi kufikiri jambo dogo kama hilo. Siku ile mkono wake ulikishika chini ya kiti. Angekifunga, injini ingewaka, nami ningebaki na mambo mawili: kupanda, au kukataa mbele ya majirani wote. Akanitazama magoti, akakiacha. Akasema gari inakataa. Kaka yangu alikwenda kwenye kifo chake juu ya magunia ya watu ili mimi nisiaibike, na mimi miaka yote hii nimedhani nilimdanganya.

Kwamba wewe ulikitoa kiti kile mara tatu bila kuona kitu, hilo sina maelezo yake. Nimelishika huku na huku, halina mshono. Ninajua tu kwamba siku nilipokuwa karibu kukuacha uende kwa pikipiki ya watu, kwa sababu ya ubishi wangu, kitu hicho kikatokea.

Injini ilipowaka nililia waziwazi. Ilikohoa moshi mweusi, ikatetemeka, ikakaa, na sauti yake ilikuwa ile ile ya asubuhi za Kipese. Tangu hapo watu wanasema marehemu ameifungua njia. Nawe, msichana usiyeamini hata ndoto, nimekusikia ukimwambia mama yako, "Papa mukubwa amekubali, hakuna kitu itanipata." Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko mlango na honi. Njia ya Beni unaijua. Hakuna aliyeifungua. Ukiendesha kama mtu aliyebarikiwa, hutaangalia pori.

Kwa hiyo leo, ninyi mlipokwenda kuaga kwenye jumuiya, nilifanya jambo. Bado kulikuwa na mwanga. Nilifungua kapo, nikafungua kifuniko, na vidole vyangu vikakumbuka kazi yao kama jana. Nikachomoa. Kesho ungezungusha, isingeshika, majirani wangetoka, na mimi ningekuwa nimekwisha kutayarisha maneno: gari imekataa tena, Masika, bakia nyumbani. Ningekuwa nimekuokoa. Unaona jinsi maneno yale yale yanavyorudi yakiwa yamenyooshwa pasi?

Kilipoingia mkononi mwangu, nikasikia kitu upande wa pili wa gari. Nikazunguka. Waya wa mama yako ulikuwa chini. Haukukatika. Ulikuwa umefunguliwa, mizunguko yote saba, umelala kwenye majani umenyooka. Na mlango ulikuwa wazi kabisa. Kiti kilikuwa safi. Ndani kulikuwa na harufu ya poireaux mabichi, na gari hiyo haijabeba mzigo tangu kabla hujazaliwa.

Nilikimbia, mwanangu. Mzee wa mvi, na futi shingoni, nilikimbia nikajifungia chumbani kwangu, nikapasua pindo la koti, nikaweka vyote viwili mezani. Katika haraka ile vikachanganyika. Sasa sijui kipi ni kile nilichoiba na kipi ni kile alichoniachia. Vinafanana.

Nimeogopa tangu jioni hadi nilipoanza kuandika. Nikiwa katikati ya barua nimegundua siogopi tena kitu kile kile. Nilidhani mlango ule unanishtaki. Lakini Paluku hakuwa mtu wa kushtaki. Siku ile alifanya jambo moja tu kabla ya mengine yote: alinifungulia na kuniambia nipande. Nafikiri bado ananiambia hivyo.

Sitakuambia usiogope. Ungeniuliza nimepata wapi ujasiri wa kusema hivyo, na ungekuwa sawa. Nakuomba tu, siku ukiogopa, uliseme neno hilo, "naogopa", kwa mtu aliye mbele yako. Kama ningelisema asubuhi ile, Paluku angenicheka, angeniita mwanamke mjamzito, angenishusha, angemchukua kijana mwingine mwenye macho. Angekwenda na gari yake anayoijua, angeona kitu, angegeuza. Labda. Neno moja, na lilikuwa jepesi kuliko kidole hiki. Nililiona zito, nikaficha kitu kingine mahali pake.

Na watu watakusitiri aibu zako, wewe pia, kwa sababu watakupenda. Ukijua umesitiriwa, usikae ndani ya sitara hiyo ukaifanya nyumba. Mimi nimeishi humo hadi mvi. Sikumwambia mama yangu. Mama yako nitamwambia leo, akimaliza kufunga masanduku yako, na sijui ataniangaliaje. Nisamehe kama unaweza. Usiponisamehe upesi, nitaelewa, lakini usinyamaze.

Nikiweka kalamu chini nakwenda kukirudisha kimoja kwenye delko. Sitachagua. Nitakachoshika kwanza ndicho. Kingine nitakifunga katika kile kitambaa cha kijani, nikitie ndani ya bahasha hii: ndicho cha akiba. Kiweke chini ya kiti chako, wala usimwachie mtu mwingine kazi ya kukitunza.

Kuna jambo moja la mwisho, na hili si ushauri, ni ombi. Njia ya Beni inataka macho mawili kwa barabara na mawili kwa pori. Yangu yamechoka kidogo, lakini kwa mbali bado yanaona. Nitakuangalizia upande wa majani hadi Beu, nitakusaidia kushusha masanduku, halafu nitarudi na gari ya abiria. Mama yako atasema nimepata wazimu, mwache aseme.

Barua hii nitaitia ndani ya kiatu chako cha kazi, najua hutaondoka bila kukivaa. Waya sitaufunga tena. Kesho ukitoka nje utaona ukungu bado uko chini, na mlango wa pembeni uko wazi, na kuna mtu amekaa kimya kwenye kile kiti.

Usiogope. Ni mimi. Nimepanda.

Papa yako